IST inanguruma nikikanyaga mafuta, fundi anasema injini imekwisha. Naombeni ushauri

KijanaWaMbezi: Wakuu, habari za jioni. Nina IST ya 2004, injini 2NZ. Kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) imetulia kabisa, lakini nikikanyaga mafuta, hasa kwenye kilima, inanguruma mpaka redio haisikiki. Fundi anasema injini imekwisha na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) nayo iko njiani kufa. Swali langu ni moja: injini ya Dubai na ya Japani, ipi inadumu?

Spana17: Mkuu, injini iache kwanza. Simamisha gari, gia P, hendibreki juu, mtu apandishe resi taratibu mpaka mshale ufike 2,500. Ikinguruma hapo hapo imesimama, futa kwenye orodha beringi za tairi na sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele). Hizo hulia gari ikitembea: beringi hubadilisha sauti ukiyumbisha usukani kushoto na kulia, sivi jointi hugonga ta-ta-ta ukikata kona kali.

Kitonga: Kwa maelezo hayo hiyo si IST, ni Scania inayopanda mlima wa Kitonga imebeba saruji. Uza, nunua bajaji!

MzeeWaOili: Mimi ningeanza na oili. Chomoa kijiti upime asubuhi injini ikiwa baridi. 2NZ ina cheni, si mkanda, na cheni hulegea watu wakipitiliza kumwaga oili. Ila cheni hukwaruza, hasa ukiwasha asubuhi. Haingurumi.

KijanaWaMbezi: Nimejaribu ya Spana. Inanguruma hata imesimama. Oili ipo. Kwa hiyo ni injini kweli, si ndiyo?

Spana17: Hapana. Injini iliyokufa beringi za ndani hugonga, na taa ya oili huanza kuwaka. Mngurumo mzito unaopanda na resi mara nyingi ni moshi unaovuja kabla haujafika nyuma. Ukikanyaga, moshi unakuwa mwingi na presha inapanda. Kwenye sailensa presha ni ndogo, ndiyo maana husikii kitu. Angalia pia kama boksi la fileta ya hewa limefungwa klipu zote, likiachia nalo huvuma. Nijibu: nani aliingia chini ya hiyo gari mara ya mwisho, na alifanya nini?

KijanaWaMbezi: Sevisi ya kawaida tu.

DadaWaTegeta: Sevisi ya kawaida haipandishi gari kelele, kaka. Ndani hakunuki moshi? Kichwa hakikuumi kwenye foleni?

KijanaWaMbezi: Kinauma kidogo, nafungua kioo. Sawa, niseme: kabla ya kelele kuanza niliuza masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya bomba la ekzosi. Kila mtu anauza. Fundi alisema gari itakuwa nyepesi na mafuta yatapungua. Hela hiyo ndiyo nimetolea advansi ya injini, na advansi hairudi.

DadaWaTegeta: Masega ndiyo yanayogeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Umeyauza, halafu unapakia watoto? Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Unachonusa ni uchafu mwingine unaoandamana nayo. Kwenye 2NZ manifoldi ya ekzosi (inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) iko nyuma ya injini, upande wa dereva na abiria, na hewa ya ndani huingia chini ya kioo cha mbele, hapo hapo juu yake. Kufungua kioo si tiba. Paki.

Mtafiti_255: Jamani, uzi huu wa kutunga. IST ya 2004 yenye 2NZ haina CVT, ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. CVT ilikuja na umbo jipya la 2007. Ngojeni tu, posti ijayo ataweka namba ya dalali wa injini.

KijanaWaMbezi: Sijatunga, mkuu. CVT ni maneno ya fundi, mimi nimeyanakili tu.

Spana17: Basi Mtafiti amekusaidia bila kukusudia. Asiyejua giaboksi iliyomo ndiye anayekuuzia nyingine! Na asije akakumiminia haidroliki ya CVT, giaboksi yako inatumia haidroliki aina ya T-IV.

Kesho asubuhi injini ikiwa baridi, vaa glavu, ziba mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kizito chenye maji, sekunde chache tu, mtu akiwa amewasha. Sikiliza mbele: psss, psss. Kisha zima, umulike tochi kwenye maungio. Panapovuja pana masizi meusi.

KijanaWaMbezi: Psss ipo. Chini ya manifoldi, bomba linapoungana, peusi tii. Bolti mbili, hazina springi.

Spana17: Hapo hapo. Ungio hilo lina gasketi ya duara na bolti mbili zenye springi, ili injini ikitikisika bomba licheze bila kuachia. Fundi akitoa masega alirudisha gasketi iliyokwisha kubanwa, na akaweka bolti za kawaida. Usikubali achomelee: likikakamaa hapo, mtikisiko utahamia kwenye manifoldi na itapasuka. Nunua gasketi mpya, bolti na springi zake, safisha nyuso mbili kwa brashi ya waya, kaza zamu kwa zamu mpaka bolti zifike kwenye bega. Na kuhusu mafuta: uvujaji ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje hunyonywa ndani, kompyuta inadhani mafuta hayatoshi, inaongeza. Gari inakula mafuta zaidi.

KijanaWaMbezi: Na advansi?

MzeeWaOili: Advansi ni ndogo kuliko injini nzima. Masega nayo yarudishwe.

KijanaWaMbezi: Dukani niulizie gasketi ya namna gani?

Spana17: Beba ya zamani mkononi, au pima kipenyo cha ndani na unene wake. Ukitaja IST peke yake utapewa yoyote iliyo karibu, na ikipwaya milimita mbili tu, psss inarudi.