Yule mjuaji wa vikaoni kanidhalilisha leo kwa OKSIJENI, nimechoka!!

Wakuu, natoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua, msijifanye. Hata mkijadili pilau, lazima awaambie neno limetokea Ugiriki.

Leo kasimama: "Oksijeni maana yake pumzi ya uhai." Mimi nafundisha kemia. Nikasema kwa adabu, hapana mzee, maana yake kizaa asidi. Akanigonga begani. KANIGONGA BEGANI, taratibu, kama anatuliza ng'ombe. "Mwalimu, kwa hiyo tunapumua asidi? Na wewe ndiye unatufundishia watoto?" Ukumbi ukapasuka. Mweka hazina soda ikamtokea puani. Mchumba wangu naye kacheka, na kikao ni cha harusi YETU.

Jina katoa Lavoisier, Mfaransa, 1777. Kigiriki: oxys ni kali, chachu, genes ni chenye kuzaa. Aliamini hakuna asidi isiyo na oksijeni. Akachemka! Ya haidrokloriki haina hata chembe, ni haidrojeni na klorini tu. Davy wa Uingereza kaja kuthibitisha 1810 kwamba klorini ni elementi, yaani kitu kimoja tupu, hakuna oksijeni iliyojificha ndani. Jina lilishazoeleka. Mjerumani mpaka leo anaiita Sauerstoff, kitu cha uchachu. Sasa kosa la Lavoisier, bega langu linaingiaje?

KisikiKikavu: Pole mkuu. Bega la kulia au la kushoto?

Mleta mada: La kulia. Mbele ya wakwe!

DadaWaKaunta: Mwalimu na wewe, kikao cha michango unaanza Lavoisier? Ningecheka pia.

FundiBomba: Huyo huyo alitwambia malaria ni jina la mbu. Wakati ni Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya. Zamani walidhani homa inaletwa na harufu ya madimbwi. Nilivyombishia, akanitoa kwenye grupu. Yeye ndiye admini.

Mleta mada: Angalau hukugongwa begani.

DadaWaKaunta: Nyie bishaneni Kigiriki. Kaahidi laki tatu huyo, hajatoa hata mia.

KisikiKikavu: Kumbe na kwenu?? Turubai letu la msiba analo tangu Pasaka.

FundiBomba: Lile la bluu? Si ndilo anatukodishia Jumamosi!

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye bega.

KisikiKikavu: Fundi, anawakodishia shilingi ngapi? Njoo inbox.