Wakuu nisaidieni: upanga wa Mjerumani, mteja anautaka Jumamosi

Mtoto wa Mlalo
Habari za jioni wakuu. Leo siku ya tatu sijalala vizuri. Nina upanga wa Mjerumani, wa asili kabisa, wa babu yangu aliyekuwa askari enzi za Vita vya Kwanza. Nimepata mteja Dar. Anasema ulikuwa wa Jenerali von Lettow-Vorbeck mwenyewe, yule mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu wakati wa vita hivyo, na atanipa milioni 45. Anautaka Jumamosi. Naomba kujua mambo mawili tu: nitausafirishaje kwa basi kutoka Tanga bila kusumbuliwa njiani, na je, bei hiyo ni ya haki au napunjwa? Maisha yamebana, mtoto anatakiwa kuripoti shule mwezi ujao.

Nyota ya Korogwe
Milioni 45! Mkuu, usisahau wanajukwaa siku ya kupokea.

Mama Zuhura
Mwanangu, vitu vya Wajerumani si vya kuchezea. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wawili akachimbe mali chini ya mwembe karibu na boma la zamani. Aliambiwa kuna sanduku la dhahabu, ile ya sarafu za tembo. Walichimba wiki mbili wakatoka na bomba la maji lililooza. Hadi leo hataki kuona mwembe.

Sururu Moja
Mama, sarafu za tembo zilikuwepo kweli. Rupia 15 za dhahabu, zilipigwa Tabora 1916 Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao. Sasa kila mwenye sururu anaota ndoto hiyohiyo.

Chogo
Upanga una ile alama ya Hitler?

Mtoto wa Mlalo
Hauna. Una picha za wanyama. Jamani, nimeuliza habari ya basi.

Jirani wa Solingen
Mkuu, habari ya basi iache kwanza. Naishi Wuppertal, mwendo mfupi tu kutoka Solingen, mji ambako panga nyingi za jeshi la Ujerumani zilifuliwa. Mwaka wa tisa huu nakusanya vitu hivi, kwa hiyo nijibu taratibu. Bapa lina urefu gani? Mpini ni wa kitu gani? Hizo picha ni za wanyama gani? Kuna chata yoyote, yaani alama ya mtengenezaji, karibu na mpini?

Mtoto wa Mlalo
Nimepima kwa rula ya mtoto, bapa ni sentimita 46, limenyooka. Mpini ni wa pembe, una mikwaruzo ya asili, na umekazwa kwa vichwa vitatu vya shaba kama mbegu. Pale mkono unapoishia kuna kipande kama gamba la kombe kimelalia upande wa bapa. Picha ni za mbwa na nguruwe pori. Chata ipo, kichwa cha mtu na kingine chenye kofia ya chuma, ila kimoja kimefifia.

Jirani wa Solingen
Asante, umeeleza vizuri kuliko wauzaji wengi wa huku. Huo si upanga wa jenerali, wala si wa vita. Ni Hirschfänger, upanga mfupi wa mawindo, jina lake ni kama kusema mkamata kulungu. Mwindaji alimmalizia nao kulungu aliyejeruhiwa au nguruwe pori aliyezuiwa na mbwa. Bunduki zilipokuwa nzuri ukabaki kuwa sehemu ya sare, hasa ya mabwana misitu. Hilo kombe, hiyo pembe na hivyo vichwa vya shaba, ambavyo vimetengenezwa kwa umbo la tunda la mti wa mwaloni, ndiyo sura yake hasa.

Upanga wa afisa wa jeshi wa mtindo wa 1889 ni kitu kingine. Ni mrefu, una tai wa Prussia kwenye kikingio cha mkono, na mpini wake una herufi W na namba II za Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wao wa wakati huo. Nayo askari wa kawaida wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la makoloni, hakupewa, yeye alikuwa na bunduki ya Mauser ya 1871 na singe yake.

Kichwa cha mfalme na cha shujaa mwenye kofia ni chata ya Weyersberg, Kirschbaum & Cie wa Solingen, nyumba mbili zilizoungana 1883. Kwa hiyo kitu chako kinaweza kuwa halisi kabisa. Ila hata panga za maafisa za mtindo huo huuzwa huku kwa mamia ya euro, si maelfu kumi na kitu. Huyo mteja wako amekuomba pesa yoyote?

Mtoto wa Mlalo
Ni ada ya kipimo tu. Kuna mashine ya kuthibitisha chuma. Jumla ni laki nane, nimeshatuma laki tatu. Si kwamba amenitapeli, tumeongea kwa simu zaidi ya mara kumi na ana heshima.

Fundi Chuma
Laki tatu hizo zihesabu zimekwenda. Chuma hakipimwi kwa M-Pesa. Usitume hata mia nyingine, na hizo namba zake peleka polisi na miamala yote.

Mwalimu Mstaafu
Na mkishamaliza la utapeli, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Vitu inavyovilinda havitoki nchini bila leseni. Kama upanga huu umo au haumo, wa kusema ni Idara ya Mambo ya Kale, si mnunuzi. Nenda ukawaulize kabla ya kumwonyesha mtu mwingine.

Mdadisi 77
Samahani wakuu, naona mnakimbia. Hii ni chai. Tufanye hesabu. Vita vimeisha 1918. Askari wa miaka 20 wakati huo alizaliwa 1898. Mleta uzi, kwa mtoto wa shule uliye naye, una miaka kama 36. Huyo babu alikusimulia lini? Akiwa na miaka 100? Na picha ya upanga hakuna. Nimeshaona nyuzi tatu za panga za Wajerumani mwaka huu, zote zinaishia kutafuta mnunuzi humuhumu.

Nyota ya Korogwe
Duh. Nimeanza kuona mwanga.

Chogo
Picha au tufunge uzi.

Mtoto wa Mlalo
Mimi si mwongo. Kwetu babu mzaa babu naye ni babu, hatuna jina lingine. Aliyenisimulia ni babu mzaa baba, na aliyeupata ni baba yake. Picha siwezi kuweka kwa sababu kuna ndugu zangu humu ndani.

Mdadisi 77
Ndugu wasione nini?

Mama Zuhura
Mwanangu, upanga uko wapi sasa hivi? Na ulikuwa kwa nani?

Mtoto wa Mlalo
Uko kwangu Tanga mjini, chini ya kitanda. Ulikuwa kwa baba mkubwa, Mlalo. Unakaa juu ya dari na hushushwa wakati wa tambiko. Mwezi uliopita alilazwa, mimi ndiye niliyekuwa na funguo za nyumba. Msinihukumu. Baba mkubwa hana mtoto wa kiume, siku moja ungekuja kwangu tu. Na nilipanga nikiuza nimtibie kwa hela hiyohiyo.

Mwalimu Mstaafu
Kwa hiyo si mali yako, ni ya ukoo, na mwenye kuitunza yuko hai. Hapo hakuna cha ushauri wa basi.

Mama Zuhura
Mzee yuko kitandani na kijana wake anapanda darini. Nimesikitika sana, sitakuficha.

Mtoto wa Mlalo
Na mimi nasikitika. Lakini ada ya shule hailipwi kwa masikitiko.

Jirani wa Solingen
Mdadisi, hesabu yako ilikuwa sahihi na swali lako limetusaidia. Ila mimi sioni chai hapa. Mtunga uongo angesema upanga wa jenerali na kuuelezea kama upanga wa jenerali. Huyu ameeleza kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui. Tena Mlalo iko Usambara. Wajerumani walikuwa na mashamba na misitu huko, Lushoto wenyewe waliiita Wilhelmstal. Mtoto wa Mlalo, hebu kumbuka vizuri: babu mkubwa alikuwa askari kweli?

Mtoto wa Mlalo
Sisi tulikua tukiambiwa askari. Marehemu bibi alikuwa akisema alimbebea mizigo bwana miti, na Waingereza walipopanda milimani bwana akakimbia akaacha vitu. Wazee hawakupenda bibi aseme hivyo mbele za watu.

Jirani wa Solingen
Waingereza waliingia Usambara katikati ya 1916. Bibi aliwaambia ukweli. Na kwangu mimi hadithi ya bibi ina thamani kuliko ya jenerali. Huku nina blade kumi na moja na hakuna hata moja ninayojua ilikuwa mkononi mwa nani. Ninyi mnajua. Mkikaa mkaiandika hiyo habari, kwa jina la babu na kijiji, hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna mnada wa Ujerumani unaoweza kuwauzia.

Swali la mwisho. Ulisema chata moja imefifia. Imefifia kwa kutu?

Mtoto wa Mlalo
Mteja aliniambia niung'arishe ili kipimo kisome vizuri. Nilipiga msasa upande mmoja. Mbwa wawili wamefutika.

Jirani wa Solingen
Ah. Picha hizo hutiwa kwa tindikali, kina chake ni kidogo mno, msasa ukipita hazirudi. Usiguse upande wa pili.

Mtoto wa Mlalo
Mteja amepiga mara nne tangu nianze kusoma majibu yenu, sijapokea. Baba mkubwa ameruhusiwa hospitali jana. Jumamosi nitapanda Mlalo badala ya Dar. Sijui nianze na funguo au nianze na msasa.

Mama Zuhura
Anza kwa kumwamkia na kumuuliza hali yake, mwanangu. Kisha uweke upanga mbele yake na umwambie yote mawili.

Jirani wa Solingen
Leo usiku futa bapa lote kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani, alama za vidole zinaleta kutu. Ala yake kama ni ya ngozi, usiurudishe ndani. Ngozi hunyonya unyevu, na darini Mlalo ukungu unaingia. Ufungeni kwa kitambaa kikavu cha pamba, na ala ikae pembeni yake. Mwambie na baba mkubwa.