Mtoto anaingia la kwanza Januari: shule ya madaftari au shule ya michezo na bustani?

MamaTunu
Wakuu habarini. Naomba mawazo yenu kabla sijalipia fomu. Binti yangu anamaliza awali mwaka huu, Januari anaingia darasa la kwanza. Nimebaki na shule mbili. Ya kwanza inasifika kwa ufaulu: watoto wako darasani toka asubuhi hadi saa tisa, madaftari yamejaa, kila Ijumaa jaribio. Ya pili ina eneo kubwa, miti na bustani ya mchicha, na vipindi vingi wanafanyia nje. Wanahesabu kwa mawe, wanacheza duka, wanapima maji kwa vikombe. Nilipokwenda kuiona nilikuta watoto wamechuchumaa wanafuata msafara wa sisimizi, mwalimu anawauliza wamebeba nini na wanapeleka wapi. Nikaipenda hapo hapo. Mume wangu anasema hatulipi ada mtoto akacheze, kucheza anacheza nyumbani. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

BabaKelvin
Mleta mada umetuacha hewani. Mtoto ana miaka mingapi? Mnaishi wapi na shule ziko umbali gani? Ada zikoje? Darasa moja lina watoto wangapi? Ameshaanza kusoma? Bila hayo tutabaki kubahatisha.

Mdau_Segerea
Mpeleke kwenye ufaulu, mama. Kuna upimaji wa darasa la pili, huko wanapima kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha unakuja wa la nne. Wangu wote wamepita shule za namna hiyo na wako vizuri.

MwlChaki
Nafundisha la kwanza shule ya serikali, watoto zaidi ya mia kwenye darasa moja. Kwangu kutoka nje si anasa, ndani hawaenei.

Chini ya mwarobaini nachora kwa kijiti mstari wa namba, 0 hadi 20. Mtoto anasimama kwenye 7, namwambia ongeza 5, anaruka huku wenzake wakihesabu kwa sauti. Wapo wanaohesabu ile 7 waliyosimamia kuwa ndiyo "moja", wanaishia 11. Nje namwona palepale, namrudisha, anaruka tena. Kwenye daftari ningeona 11, ningeweka kosa, wala nisingejua limeanzia wapi. Tukirudi ndani kila mmoja anaandika 7 + 5 = 12. Hatua hiyo ya kurudi kwenye maandishi ndiyo inayorukwa na shule nyingi zinazojiita za michezo.

Na Mdau, sanaa na michezo vimo kwenye mtaala wa la kwanza na la pili, mwalimu hajajitungia. Kipindi chenyewe ni dakika 30, kwa sababu mtoto wa umri huo hakai kitako asubuhi nzima akaendelea kuelewa.

Mama_wa_Wawili
MamaTunu, nisikilize vizuri, haya yamenikuta.

Kijana wangu nilimpeleka shule iliyojitangaza kuwa inafundisha kwa michezo. Bembea nzuri, picha kila wiki kwenye kundi la wazazi, watoto wana rangi mikononi, wanacheka. Ripoti kila muhula: "anachangamka, anaendelea vizuri." Nikaridhika. Amefika la pili, tumekwenda kwa bibi yake, bibi akamnyooshea mfuko wa unga amsomee. Umeandikwa SEMBE kwa herufi kubwa. Mtoto akaangalia picha ya sahani, akasema "ugali". Akampa pakiti ya chumvi, akakisia tena. Herufi alizozijua ni za jina lake tu.

Nilipoanza kwenda shuleni bila taarifa ndipo nikaona. Walimu wako kivulini na simu, watoto wanazurura uwanjani hadi kengele. Hakuna aliyewauliza chochote, hakuna aliyeandika nani anaweza nini. Nilipolalamika uongozi ukanijibu kila mtoto ana kasi yake. Nikamhamisha, shule mpya ikamrudisha la kwanza. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote na asubuhi alikuwa analia hataki kuvaa sare. Tumelipa tuisheni hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniambia michezo, namwambia anionyeshe mtoto wa la pili wa shule hiyo akisoma aya moja mbele yangu.

MwlChaki
Pole sana dada. Huko hakukuwa kujifunza kwa michezo, watoto walitelekezwa. MamaTunu, ukienda tena usiishie kwa mkuu wa shule. Mfuate mwalimu wa darasa, omba kuona andalio la somo la siku hiyo. Kama wanatoka nje, liwe limeandikwa wanatoka kujifunza nini na atajuaje kama wameelewa.

PwaniMsa
Huku kwetu Kenya mtaala wa umilisi ulianza nchi nzima 2019, toka PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, hadi Gredi ya 3. Wangu kabadilika: anasimama mbele ya watu anaeleza sukuma wiki yake ilivyoota, bila woga. Lakini kazi za vifaa zinaletwa nyumbani usiku. Manila, gundi, mbegu, mzazi ndiye hutafuta na mara nyingi mzazi ndiye hufanya. Waulize kabisa vifaa vinatoka kwa nani, ada isije ikawa mwanzo tu wa gharama.

Juma_Tampere
Niko Finland. Huku mtoto anaingia la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. Kawaida ni kipindi cha dakika 45 kisha mapumziko ya dakika 15, na wanatoka nje hata kukiwa na theluji. Ila walimu wana shahada ya uzamili na madarasa ni madogo. Tukiiga mapumziko tukamwacha mwalimu, hatujaiga kitu.

Mdau_Segerea
Mkuu, Finland na Dar wapi na wapi. Kama mna uwezo tafuteni bweni, huko anasoma na kucheza kwa ratiba.

BabaKelvin
Bweni kwa la kwanza? Toka 2023 serikali ilizuia bweni kwa awali hadi la nne, labda kwa kibali maalumu. Na hata bila katazo, mtoto wa miaka sita anahitaji kulala kwao.

Mdau_Segerea
Nimekuelewa. Ila kwenye kusoma msimamo wangu uko palepale.

MamaTunu
Asanteni wote. Niliyoyaacha ni haya: anatimiza miaka sita mwezi wa nne mwakani. Anazijua herufi, kuunganisha silabi bado. Tunaishi Goba. Shule ya bustani ni kutembea kwa miguu, ya ufaulu ni kwa gari la shule, linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Zote ni mchepuo wa Kiingereza.

MwlChaki
Januari atakuwa bado na mitano, hilo lingesemwa mwanzo. Na lugha nayo ni kubwa. Mchezo wa duka unafundisha kwa sababu mtoto anaongea, anabishana bei, anadai chenji. Ukimfungia Kiingereza asichokijua atabaki kimya anapanga makopo. Uliza kama wanaruhusiwa Kiswahili wakiwa nje.

Mama_wa_Wawili
Saa kumi na moja na nusu? Huyo ataamshwa saa kumi. Atasinzia kwenye jaribio la Ijumaa hata shule iwe nzuri vipi.

BabaKelvin
Na gari lenyewe, lina matroni? Watoto wangapi kwenye kiti kimoja? La kwetu walikuwa wanapakatana, wazazi tuliandika barua ndipo likaongezwa la pili.

PwaniMsa
Hili la magari lifungueni mada yake, hata huku ni shida kubwa.

MamaTunu
Jumatatu naenda kuomba hilo andalio la somo, na baba yake nitaenda naye. Nitawaletea majibu.

NeemaKibaha
Samahani kuingilia. Kuna anayeijua shule yenye eneo la nje kama hiyo upande wa Kibaha, isiyo ya ada kubwa?