"Botcher" anamrekebishaje mtu? Naomba msaada wa maneno ya Kiingereza ya kuvurunda kazi

KalamuNaWino

Wakuu, nimekwama. Natafsiri Twelfth Night ya Shakespeare kwa ajili ya kikundi chetu cha maigizo. Katika sehemu ya 1, onyesho la 5, Feste, yule mchekeshaji wa nyumbani kwa Olivia, anajitetea asifukuzwe. Anasema mtu asiye mwaminifu akijirekebisha, hana kosa tena. Na akishindwa, "let the botcher mend him".

Kamusi zangu zinasema botcher ni mtu anayeboronga kazi. Sasa anayeboronga atamrekebishaje mwenzake? Nikiandika "basi mvurundaji amtengeneze", ukumbi mzima utabaki kimya. Na kwa ujumla, Kiingereza kimeyatoa wapi maneno yote haya ya kuharibu kazi: botch, bodge, fumble, blunder? Kila moja nikilitafuta naishia palepale, "kuboronga".

Msomaji wa Usiku

Nadhani ni utani wa mchekeshaji tu, anasema kinyume ili watu wacheke. Weka "mharibifu" uendelee mbele.

SindanoNaUzi

Hapana, tafadhali usiweke mharibifu, utaua mistari mitatu kwa mpigo. Botcher wa Feste ni fundi wa kutia viraka. Ni mtu unayempelekea nguo kuukuu, naye anakurudishia ikiwa inavalika. Mimi riziki yangu ni cherehani, na ninacholetewa zaidi ni magoti yaliyotoboka na makwapa yaliyofumuka, kwa hiyo neno hili nimelifuatilia muda mrefu na linaniuma.

Soma kinachofuata palepale. Feste anasema kila kilichorekebishwa kimetiwa kiraka tu: wema ulioteleza umetiwa kiraka cha dhambi, na dhambi iliyojirekebisha imetiwa kiraka cha wema. Neno "patched" analirudia mara tatu. Picha yote ni ya nguo mezani kwa fundi. Ukimwondoa fundi, viraka vinabaki vinaelea.

Kitenzi chenyewe kilianza bila tusi lolote. Biblia ya Kiingereza iliyotoka kwa kundi la John Wycliffe mwishoni mwa karne ya 14 inakitumia katika Mambo ya Nyakati, pale mafundi wa wakati wa mfalme Yosia wanapoitengeneza nyumba ya Mungu. Palipokuwa dhaifu waliparekebisha, na kitenzi ni hicho hicho. Hakuna aliyekuwa anawasema mafundi wa hekalu kwamba wamelipua kazi.

Halafu mfikie Macbeth, katika tamthilia ya Shakespeare yenye jina hilo. Anawatuma watu wakamuue Banquo, anawaonya wasiache "rubs nor botches in the work". Hapo botch ni kasoro, alama ya kazi mbaya. Twelfth Night ilichezwa London Februari 1602, na Macbeth ni ya miaka michache tu baadaye. Kwa hiyo kalamu ileile, karibu wakati uleule, inamjua fundi wa viraka na inaijua kazi iliyovurundwa, zote kwa neno moja. Kamusi zako zimekupa maana iliyoshinda.

Kwa nini ilishinda? Nakwambia ninavyoiona kutoka kwenye kiti changu. Suruali iliyofuliwa sana hupauka. Hata ukipata kitambaa cha rangi ileile, kipande kipya kitang'aa pale gotini mtu amuone mwenye nacho tangu mbali. Ili kiraka kipotee, unafumua pindo la ndani la suruali ileile, unakata kipande humo, unakilaza kufuata mwelekeo wa nyuzi, unashona kwa mkono taratibu. Kazi hiyo inakula muda kuliko mteja anavyoweza kulipia, naye mteja wa viraka kwa kawaida hana fedha; angekuwa nazo angenunua nguo mpya. Basi kinachoonekana barabarani ni kiraka cha haraka. Kile kilichoshonwa vizuri hakuna anayejua kuwa kipo. Watu waliliita botch lile wanaloliona.

Majipu ya Misri

Nyongeza ndogo. Kuna botch nyingine, nomino, yenye maana ya jipu au uvimbe, iliyotoka Kifaransa cha zamani. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Kumbukumbu la Torati 28:27, laana ni "the botch of Egypt", sisi tunasoma majipu ya Misri. Ni neno tofauti kwa asili, lakini mtu aliyesikia jipu kanisani Jumapili na kiraka kwa fundi Jumatatu, sidhani kama aliyatenganisha kabisa kichwani.

SindanoNaUzi

Asante kwa hiyo. Kiraka kibaya kweli huvimba, hasa kitambaa kipya kikiwekwa bila kuloweshwa kwanza.

Na botcher hakuzama peke yake. Cobbler, fundi viatu, yalimkuta hayohayo. London ya zamani ilitofautisha kwa ukali: cordwainer alishona viatu vipya kwa ngozi mpya na chama chake kilikuwa na nguvu, cobbler alibaki na vikuukuu. Ndiyo maana Julius Caesar, tamthilia nyingine ya Shakespeare, inafunguka kwa mzaha ambao leo haueleweki upesi: mkubwa anamuuliza mtu kazi yake, anajibiwa kwamba akilinganishwa na fundi bora yeye ni cobbler tu, na yule mkubwa anauliza tena, kwa sababu cobbler lilimaanisha pia fundi yeyote wa ovyo. Hadi leo ripoti iliyounganishwa haraka haraka wanasema "cobbled together".

Shoddy ndiyo inayonisikitisha zaidi. Lilikuwa jina la kitambaa. Huko Batley, Yorkshire, mwaka 1813, Benjamin Law alipata njia ya kusaga matambara ya sufu yarudi kuwa nyuzi, achanganye na sufu mpya, afume tena. Ni ufundi wa akili sana, na kwa miongo mingi uliilisha miji mizima. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaanza 1861, wafanyabiashara wenye tamaa wakaliuzia jeshi sare za kitambaa hicho zilizotengenezwa vibaya, zikachanika miilini mwa askari. Kosa lilikuwa la wauzaji. Jina lililochafuka ni la kitambaa, na sasa shoddy ni kitu chochote duni.

Mlingoti wa Dharura

Mbona wewe unaona marekebisho yote yametukanwa? Chukua "jury mast", mlingoti wa muda ambao mabaharia husimamisha ule wa kwanza ukivunjika. Neno lipo tangu mwanzoni mwa karne ya 17 na "jury-rigged", kitu kilichoundwa kwa dharura, imezaliwa humo. Hilo lina heshima. Lenye aibu ni "jerry-built", nyumba iliyojengwa kwa kulipua, la karne ya 19. Na watu waache kusema linatokana na Wajerumani wa vita vya dunia, lilikuwepo kabla ya vita hivyo.

SindanoNaUzi

Nakubali, na nafurahi umeileta. Tofauti ninayoiona ni nani anayetaja. Mlingoti ule wa muda, aliyeusimamisha ndiye aliyefika nao bandarini, na ndiye aliyesimulia. Hawezi kuudharau. Kiraka kilitajwa na asiyekivaa wala kukishona. Hata bodge, ambalo ni tawi la botch, lina upande wake wa pili: mafundi waliokuwa wakichonga miguu ya viti msituni katika vilima vya Chiltern, kwa ajili ya viwanda vya High Wycombe, waliitwa bodgers, na walikuwa mabingwa wa mashine ya kukanyaga kwa mguu.

Msomaji wa Usiku

Nimekuelewa, naondoa pendekezo langu. Na blunder, fumble?

SindanoNaUzi

Hayo hayana fundi ndani yake, ni ya mwili. Blunder limetoka lugha za Skandinavia, kwenye familia ya maneno ya kufumba macho. Mwanzoni lilikuwa kutembea ukijikwaa kama asiyeona. Fumble ni mikono inayopapasa. Na jeshi la Marekani katika vita vya pili likaongeza snafu, herufi za mwanzo za sentensi ya askari yenye tusi: hali ni ya kawaida, kila kitu kimevurugika. Kwa hayo "kuboronga" na "kuvurunda" vinatosha.

KalamuNaWino

Mmenifungua macho. Nimejaribu hivi: "Akijirekebisha, si mwovu tena, akishindwa, apelekwe kwa fundi nguo. Maana kila kilichorekebishwa kimetiwa kiraka tu." Je, inakaa?

SindanoNaUzi

Karibu sana. Ila "fundi nguo" watu watamwona mshonaji wa suti, na Feste anamtaka yule wa chini kabisa. Andika "mtia viraka", halafu acha sentensi ya pili ilirudie neno lile lile: "akishindwa, apelekwe kwa mtia viraka. Maana kila kilichorekebishwa ni kiraka tu." Na mwigizaji asikimbilie kicheko kwenye "mtia viraka". Alitamke kama anavyotaja daktari.