Alama ya > imenigombanisha na bosi wangu, huu uvivu wa Markdown umenichosha

Wakuu, mnivumilie, naandika hasira zikiwa bado za moto.

Bosi wangu alinitumia hoja zake kuhusu mwongozo tunaouandaa kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama ndogo ndogo ambazo programu inazigeuza kuwa ukurasa uliopangwa. Nikafanya kama mtu yeyote mwenye adabu: kila hoja nikainukuu kwa alama ya >, nikajibu chini yake. Kwenye skrini yangu kila kitu kilikuwa wazi, lake lake, langu langu:

> Sura ya tatu ifutwe yote.
Hapana, kuna watu wanaitegemea.

> Jedwali la mwisho lina makosa.
Nilishalirekebisha juzi, fungua toleo jipya.

Nikahifadhi, nikatuma kiungo, nikaendelea na mambo yangu. Haukupita muda simu inaita. "Mbona umenirudishia maneno yangu mwenyewe? Tena umeniongezea nisiyoyasema!"

Kufungua ukurasa, hamna jibu langu hata moja. Yote yamemezwa ndani ya nukuu: "Sura ya tatu ifutwe yote. Hapana, kuna watu wanaitegemea." Mama wa watu anaonekana anabishana na nafsi yake, mimi kimya kama sikuulizwa kitu.

Nikadhani programu imeharibika. Wapi! Ndivyo ilivyopangwa. Ukianza aya kwa >, mstari unaofuata unahesabiwa bado uko ndani ya nukuu hata kama hauna alama, mpaka uache mstari mtupu. John Gruber aliporuhusu jambo hili alipoitoa Markdown mwaka 2004, alitaka kumpunguzia kazi mtu mwenye aya ndefu iliyokunjwa, yaani iliyokatwa katika mistari mifupi, asiweke alama kwenye kila mstari. Walipokuja watu wa CommonMark mwaka 2014 kunyoosha kanuni zilizokuwa zimeachwa wazi, hii wakaibakiza. Na jina lake ndani ya kanuni zao ni uvivu. Wameliita wenyewe, msije mkasema nawatukana. Basi mvivu anaokolewa asibonyeze vitufe viwili, mimi niliyejibu hoja moja moja maneno yangu yanatiwa mdomoni mwa mtu mwingine.

Nukuu ndani ya nukuu ndiyo balaa zaidi. Mstari wenye > > ukifuatwa na wenye > moja tu, maneno ya mtu wa pili yanahamia kwa mtu wa kwanza. Hapo mtakuwa mnatafuta nani kasema nini mpaka jioni.

Sasa tuje kwenye kukunja mistari, maana ndiko uvivu huu ulikozaliwa. Kuna watu hadi leo wanataka kila mstari ukatwe kabla ya herufi 80, ukiuliza kwa nini unaambiwa ndiyo desturi. Hiyo 80 ni safu za kadi ya kutoboa ya IBM ya mwaka 1928, ile karatasi ngumu iliyohifadhi data kwa matundu! Ikarithiwa na skrini za zamani, VT100 ya mwaka 1978 ikiwemo, na sisi tumeipokea kama urithi wa babu. Ukifuata amri hiyo, programu ya kuandikia inakata popote inapofikia. Juzi imenikatia hivi:

Kwenye kurasa 300 tulizokuwa nazo ukifanya 300
- 40 unabaki na 260, ndizo zitakazochapwa.

Alama yangu ya kutoa ikaangukia mwanzo wa mstari, na ukurasa ukaonyesha orodha yenye kitone kimoja: "40 unabaki na 260". Hesabu imekuwa orodha! Na faili hilo hilo kwa programu ya asili ya Gruber lingebaki aya, kwa sababu yenyewe inataka mstari mtupu kabla ya orodha. CommonMark haitaki. Kwa hiyo aliyehakiki kwake ameona sawa, aliyefungua kwake ameona kichekesho, na wote wawili wako sahihi.

Na kama programu yako haijui nukuu ni nini, ukiiambia ipange aya upya inakuletea kitu kama hiki:

> Sura ya tatu ifutwe > yote kabla ya kuchapa.

Alama katikati ya sentensi, imesimama kama mgeni aliyekosa kiti.

Halafu nafasi mbili. Ukitaka mstari ukatike kweli, uache nafasi mbili mwishoni. Nafasi! Kitu kisichoonekana! Niliandika ubeti wa mistari minne, nikaweka nafasi zangu vizuri. Mwenzangu akafungua faili arekebishe herufi moja, programu yake ikasafisha nafasi zote za mwisho wa mistari ilipohifadhi, ubeti ukageuka aya, vina vikaishia katikati. Hakugusa kitu na hakuona kitu. CommonMark inakubali pia \ mwishoni, angalau hiyo macho yanaiona, lakini kwenye programu ya asili alama hiyo itaonekana tu kwenye ukurasa na mstari hautakatika.

Kinachonimaliza kabisa ni hiki. Kwenye baruapepe kuna utaratibu wa RFC 3676 (waraka wa kanuni za intaneti), wa mwaka huo huo wa 2004, ambao nafasi mwishoni mwa mstari inamaanisha "naendelea, niunganishe na ufuatao". Kwenye Markdown nafasi mbili pale pale zinamaanisha "kata hapa". Mwaka mmoja, alama ile ile isiyoonekana, maana zimepishana kama mchana na usiku. Halafu Markdown inajisifu kwamba nukuu zake imezichukua kwenye baruapepe!

(Na baruapepe nako si kwema. Mafaili ya mbox, yanayohifadhi barua nyingi pamoja, yanatia > mbele ya mstari wowote wa barua unaoanza na neno From, yaani unanukuliwa kabla hujajibiwa.)

Kwa sasa naacha mstari mtupu baada ya kila nukuu, kila sentensi naianza mstari wake, na kukunja nimekuzima. Bosi nimemtumia majibu upya. Amejibu chini ya majibu yangu, bila mstari mtupu.