Mafundi wa tovuti Mtwara, acheni kutuandikia bei ndani ya themu!

Wakuu, leo siwezi kukaa kimya.

Tovuti yetu, iliyojengwa kwa WordPress, inatoa bei za minada ya korosho kwa wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi. Kila mnada una chapisho lake, na kila chapisho lina visanduku vya taarifa za ziada: bei ya juu, bei ya chini, tani, ghala. Tulikubaliana na fundi kwamba dada wa ofisini atajaza visanduku, ukurasa uonyeshe wenyewe. Akalipwa chake chote.

Msimu umefunguliwa, dada anajaza, anahifadhi, ukurasa hauna habari! Bei ni ya msimu uliopita. Wakulima wanapiga simu wanatuita kangomba (wanunuzi wa korosho wa njia za panya), wanasema tunaficha bei ili walanguzi wapate. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Kufungua single.php, faili la themu (mafaili yanayopanga sura ya tovuti) linaloonyesha kila chapisho, jamaa kaandika tarakimu kwa mkono! Taarifa za dada zimelala salama kwenye hifadhidata, jedwali la wp_postmeta, hakuna aliyeziita. Kuambiwa arekebishe, ikawa mkulima anasoma "Bei ya juu: Array". Jamani! get_post_meta, amri ya kuita kilichomo kisandukuni, usipoiwekea true mwishoni inakurudishia orodha badala ya thamani moja. Fundi anayelipwa hajui hilo?

Mstari wenyewe ni huu:

<?php echo esc_html( get_post_meta( get_the_ID(), 'bei_ya_juu', true ) ); ?>

Basi. Na unakaa kwenye themu mtoto, ile inayorithi themu mama na haifutwi mama ikisasishwa. Yeye kauweka kwenye themu mama, themu ikasasishwa, kazi yote ikafutika, na mnada ulikuwa kesho yake.

Sasa anataka tununue plagini (programu ya nyongeza) ya kulipia. Ya nini? Hata wenye themu za bloku, ambazo kurasa zake hupangwa kwa vipande, WordPress tangu toleo la 6.5 la mwaka 2024 inaruhusu kuunganisha aya au kichwa cha habari na kisanduku, mradi kisanduku kimesajiliwa na show_in_rest (ruhusa ya kihariri kukisoma) imewashwa. Bure kabisa.

Mkulima wa kijijini anaangalia ukurasa ule kabla hajaamua kupeleka mzigo ghalani. Mnamchezea na jasho lake!

Fundi, najua humu unapita. Ama uje umalize kazi kabla ya mnada ujao, ama urudishe pesa. Na kama kuna mdau yupo Mtwara mjini au Lindi anayeiweza kazi hii, anicheki PM, aje na kazi aliyowahi kufanya tuione kwanza.