Tupeane uzoefu: vibarua wa shambani mnawapimiaje kazi, na mnawalipa lini?

Mpunga Mbeya Kilombero:
Wakuu, palizi ndiyo imeanza. Msimu uliopita jirani yangu aliachiwa shamba nusu limepaliliwa, vibarua wote wakavuka mfereji kwenda kwa mwenzake. Bei ilikuwa ileile. Ila huyu wa ng'ambo analipa jioni, jembe likishaoshwa, wakati jirani yangu wimbo wake ni "subirini nikauze gunia mbili". Naona ugomvi mwingi na vibarua hautokani na bei, unatokana na kipimo na siku ya malipo. Leteni yaliyowakuta, wenye mashamba na mnaoshika jembe. Wa "vijana wa siku hizi wavivu" apite tu, uzi wake upo kwingine.

Jembe la Mkono:
Nimelima vibarua tangu niko shule, acha niseme la hatua. Ekari huku kwetu ni hatua 70 kwa 70, na anayehesabu ni mwenye shamba. Siku hiyo miguu yake huwa mirefu ajabu, anaruka kama anavuka mtaro! Sasa pigeni hesabu: hatua zikiwa za mita moja moja, 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900. Ekari yenyewe ni kama 4,047. Hapo nimekulimia zaidi ya mita za mraba 800 za bure, na hujaniibia hata shilingi moja mkononi. Tulipochoka tukaanza kwenda na kamba ya katani yenye fundo kila mita kumi. Mwajiri akiikataa kamba, tunajua tumeshaongea naye vya kutosha.

Mama Vitunguu:
@Jembe la Mkono umenichekesha ila ni kweli tupu. Mimi nina suala la kupuliza dawa. Wengi tunalipa kwa bomba, yaani kila bomba la mgongoni analopuliza na hela yake. Matokeo yake kijana anakimbia, hatazami upepo unatoka wapi, barakoa kaining'iniza shingoni kwa sababu inamchelewesha kupumua. Nikaamua kupuliza nalipa kwa siku, mwisho saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali, na sabuni na maji ya kunawa viko pale pale kichwani mwa shamba. Gharama imepanda kidogo. Lakini bomba linalovuja ananiambia mwenyewe, zamani alikuwa anakaa kimya ili asipoteze zamu.

Majani Mawili na Chipukizi:
Habari zenu kutoka Kericho. Kwetu chai ni kwa kilo. Tatizo liko hapa: mchumaji anamaliza saa sita, lori linafika saa kumi. Majani yakikaa kwenye gunia yananyauka, uzito unashuka, halafu kuna mkulima anayemlipa mchumaji kwa kilo zinazopimwa kituoni lori likifika. Hasara ya lori kuchelewa anaibeba mchumaji! Mimi nina mizani ndogo, tunapima shambani, yeye anaandika kwa daftari lake na mimi kwa langu. Bonasi ikiingia mwezi wa kumi namtolea kitu, ingawa majirani wananiambia nawaharibia soko.

Mgogo wa Kongwa:
Mbona hamgusi njaa? Februari mtu ghala limeisha, anachukua debe la mahindi kwa tajiri, analilipa kwa palizi. Shamba lake mwenyewe linamezwa na magugu wiki hizo hizo, kwa hiyo mwakani atarudi kukopa tena. Anayekopesha anajiita msaidizi.

Afisa Mstaafu:
Kwa Tanzania, amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi kwa sekta ya kilimo. Kuna amri mpya ya kuanzia Januari 2026, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kazi msije mkashika karatasi ya zamani. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Na mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, hata kama amekuja na mama yake "kusaidia ngwe".

Mpunga Mbeya Kilombero:
@Mama Vitunguu, kwa siku unawapa na chakula au unajumlisha kwenye hela? Huku wanaomba hela tupu, wanasema ugali wa shambani unakatwa mara mbili.

Mama Vitunguu:
Hela nzima, na uji natoa juu yake. Sikati.